Sikulia: Ukweli Kuhusu Sato wa Somo la Sanaa

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa Fizikia ameshakisambaza kisa hiki katika makundi yote ya WhatsApp anayoyafahamu, tena akaongeza kwamba nililia mbele ya wazazi, naona ni haki yangu kukieleza kama kilivyotokea juzi, kabla hakijavuka Ziwa Victoria na kufika kisiwa cha Ukerewe. Sikulia. Yale yalikuwa maji ya kuoshea brashi.

Mnajua namna somo la Sanaa za Ufundi linavyohangaika kupata wanafunzi. Vijana wanapochagua masomo ya hiari, wazazi huwasukumia Fizikia na Kemia, na atakayetaja kuchora huulizwa kama picha huliwa kwa ugali. Ndiyo maana siku ya wazazi niliomba nusu saa ya kufundisha hadharani, chini ya mwembe, ziwa likionekana nyuma yetu. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu Edward Said Tingatinga, ambaye alianza kuchora jijini Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao, na ambaye mtindo wake unaendelea kulisha familia za wachoraji ingawa yeye alifariki mwaka 1972. Hotuba hiyo bado ninayo, nzima, haijaguswa.

Mezani nilipanga mtungi, malimau, kopo la maji ya brashi na sato mbichi niliyemnunua alfajiri mwaloni, wanakoshusha samaki wavuvi. Najua mtaniuliza kwa nini sikutumia embe la plastiki. Waungwana, magamba ya samaki mbichi hufundisha mwanga na kivuli kuliko maelezo yoyote: mgongo ni mweusi, ubavu unang'aa, na katikati yake kuna vivuli vya mpito ambavyo mwanafunzi hawezi kuvipata kwa penseli moja, bali huanza na HB, iliyo ngumu kiasi, na kumalizia kwa 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi.

Nikaanza na kupima uwiano. Kwa wasiolijua somo letu, unanyoosha mkono mpaka kiwiko kinyooke kabisa, unasimamisha penseli, unafumba jicho moja, kisha unasogeza kidole gumba juu ya penseli mpaka kipimo cha kitu kilicho mbele yako kikae kati ya ukucha na ncha. Ukikunja kiwiko au ukifumbua jicho, kipimo kimeharibika. Mimi nilifumba jicho la kushoto, nikaupima mtungi uliokuwa kulia. Sato alikuwa mwisho wa meza, kushoto, nyuma ya pua yangu.

Korongo alikuja kwa upande wa kushoto.

Nilisikia minong'ono, nikaamini kwamba hatimaye wazazi wameanza kulielewa somo. Nikapaza sauti: "Tazameni, uzuri wa vitu vilivyotulia ni kwamba havimkimbii mchoraji." Wakaangua kicheko. Nikatabasamu, jicho limefumbwa, mkono umenyooka. Nikaendelea: "Mkiangalia vizuri, samaki huyu ni mara mbili ya mtungi." Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanijibu kwa upole mkubwa: "Ng'wanawane (yaani mwanangu), alikuwa."

Nikafumbua jicho. Mbele yangu alisimama ndege mwenye upara, mfuko unaning'inia shingoni, miguu imepakwa chokaa ya kinyesi chake mwenyewe, na mdomoni mwake sato wangu ameshaingia nusu. Nikamshika mkia. Ninyi mnaotaka kujua akili yangu ilikuwa wapi, jueni kwamba fedha zilikuwa za shule. Korongo hakuachia. Alinitazama kwa utulivu, akameza kidogo, na mkono wangu ukamfuata samaki. Kisha akakunjua mabawa, ambayo kwa ndege wa aina hiyo huweza kuzidi mita 2.5, na bawa moja likalipiga kopo la maji ya brashi, ambayo kwa asubuhi hiyo yalikuwa na rangi ya bluu, likanimwagikia usoni. Limau moja lilimfikia mwenyekiti wa bodi. Mkia ukaniponyoka.

Yaliyofuata hayana urefu. Korongo aliruka hadi juu ya paa la ofisi ya walimu, mkuu wa shule akatangaza chai, na mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hakuinua kichwa wakati wote wa vurugu, akakabidhi mchoro wenye uwiano usio na dosari, mdomo wangu ukiwa wazi. Nimempa alama zote. Mchoro uko kwenye ubao wa matangazo, na mwalimu wa Fizikia ndiye aliyeubandika.

Linalonisumbua sasa ni fomu ya matumizi ya vifaa. Kwenye nafasi ya sababu ya kifaa kutorudishwa niliandika "Kimeliwa," ikarudi ikiuliza na nani. Nikaandika "Korongo." Leo imerudi tena kutoka kwa mhasibu, nafasi ya sahihi ya mpokeaji ikiwa imezungushiwa wino mwekundu.