Mwanga kuusimamisha sawa, ila utakaa hai muda gani?

Watu wakisikia mwanga unaweza kusimamishwa wanarukia moja kwa moja memori za mwanga (kuhifadhi data kwa mwanga), kompyuta za mwanga, sijui nini, hakuna anayeuliza huo mwanga ukishasimama utakaa hai muda gani. Mi naona swali lote liko hapo.

2007 wanafizikia Tsakmakidis, Boardman na Hess waliandika kwenye jarida la Nature: tengeneza njia ya mwanga inayosinyaa taratibu, katikati weka metamateriali, yaani kitu cha kutengenezwa kinachopinda mwanga kinyume na kawaida, kila rangi itafika mahali pake ikwame. Upinde wa mvua mzima umenaswa! Wazo tamu balaa. Shida ni metali iliyomo humo, fedha au dhahabu, elektroni zake zinakula mwanga na kuugeuza joto ndani ya makumi ya femtosekunde (femtosekunde ni sekunde ukigawa kwa milioni bilioni), muda ambao mwanga hewani haujamaliza hata unene wa unywele. Na ukipunguza mwendo ndo unaharibu zaidi, ndoo iliyotoboka ukitembea nayo polepole unafika na ndoo tupu.

2008 Reza, Dignam na Hughes wa Canada wakaja juu, Nature hiyohiyo: weka hasara halisi (huo mwanga unaoliwa na metali) kwenye hesabu uone, kasi haifiki sifuri. Wanaotetea wazo la kusimamisha mwanga wanasema inategemea unahesabuje, mwanga ukififia kwa muda badala ya umbali sifuri bado ipo. Kihesabu kweli, ila memori hupati, umesimama na unafia hapohapo.

Dawa inayotajwa ni kuongeza nguvu kutoka nje, unaweka rangi ya kemikali kwenye metamateriali halafu unaipiga leza. Kundi la Shalaev pale Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walifanya hivyo 2010 na hasara ikafidiwa, kwenye kipande kidogo tu cha rangi nyekundu lakini. Sasa kumbuka (hii wengi wanairuka) polepole ileile inayozidisha hasara inazidisha na nguvu unayoongeza, kwa hiyo ukipitiliza kidogo kifaa chako kinageuka leza, na hiyo rangi nayo inatoa mwanga wake wenyewe hovyo, makelele matupu juu ya data yako.

Basi si kiwe leza tu! 2014 kundi la Hess walionyesha kwa hesabu kwamba mwanga uliosimama unaweza kuzaa leza ya nano, ndogo kupindukia, isiyohitaji vioo. Mi ningekuwa na hela ya utafiti ningeipeleka huko, memori tuwaachie watu wa atomi baridi (atomi zilizopoozwa sana), mwanafizikia Lene Hau 2001 alishaushikilia mwanga kwenye sodiamu karibu milisekunde nzima, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.