Vikumbo vya Septemba

Kila Septemba mashabiki wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huibua mabishano mawili yaleyale. La kwanza: timu yetu imefungwa mechi tatu mfululizo za kujipima nguvu, je, msimu umeharibika? La pili: yule aliyemvaa mwenzake kichwani afungiwe mechi ngapi? Watu huyajadili kama mambo mawili tofauti, kumbe yote yanaanzia kwenye karatasi ya kikosi.

Kambini huingia wachezaji hamsini hadi sitini, na nafasi za msimu ni 23. Katika mechi ya maandalizi kila timu inatakiwa kuchezesha wakongwe wasiopungua 8 kati ya 20, lakini neno "mkongwe" limelegezwa mno: hata kijana aliyechaguliwa miezi mitatu iliyopita katika raundi ya kwanza ya mgao wa vijana (zamu za timu kujichagulia vipaji vipya) anahesabika humo. Waliobaki wanagombea riziki.

Kwa kikosi cha namna hiyo, matokeo hayana mengi ya kusema. Chukua mechi 6 zenye mashuti 30 kila moja: mashuti 180. Kama shuti moja kati ya kumi huingia, unatarajia mabao 18, na kupungua hadi 14 au kupanda hadi 22 ni bahati ya kawaida tu, hata bila kuhesabu kwamba kipa wa pili upande wa pili huenda akarudishwa ligi ya chini kesho yake. Anayetaka kujua hali ya timu aangalie mechi mbili za mwisho, kikosi kinapokaribia kile halisi: mabeki gani wamepangwa pamoja, nani anatumwa barafuni timu ikiwa pungufu, na kama kisahani, ambacho hapa ndicho mpira, kinatoka eneo la nyuma kwa pasi au kwa kubutuliwa tu.

Mchanganyiko huohuo ndio unaoumiza watu. Mkongwe anacheza kwa asilimia sitini, akijitunzia Oktoba, msimu unapoanza. Kijana anacheza kwa mia na kumi. Mmoja amelegeza mwendo kichwa kikiwa chini, mwingine anakuja kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Mahali pabaya zaidi ni mita moja hivi kutoka ukuta unaozunguka uwanja: aliyebanwa kabisa ukutani ana pa kuegemea, lakini wa mita moja anaanguka kichwa kikitangulia. Mnamo tarehe 28 Septemba 2024, Patrik Laine, aliyetoka tu kusajiliwa na Montreal, aligongana goti kwa goti na Cédric Paré wa Toronto. Paré hakufungiwa, na Laine hakurudi uwanjani hadi tarehe 3 Desemba. Kwa mechi isiyo na pointi hata moja!

Watetezi wa vikumbo wana hoja, tena nzito. Kikumbo halali kinamtenganisha mtu na kisahani, na muda wa kukipiga haujifunzwi kwenye video. Ukivizuia Septemba, wachezaji wataingia msimu shingo na nyonga zikiwa hazijazoea, na Oktoba ndiyo italipa. Pia mchezaji wa safu ya nne, ile ya mwisho, hana chenga za kumshawishi kocha. Mwili wake ndio barua yake ya maombi. Kanuni ya 48 ya NHL yenyewe, iliyoletwa msimu wa 2010–11 baada ya wachezaji Marc Savard na David Booth kuumizwa vichwa, haikatazi kila mguso wa kichwa. Inauliza kama kichwa ndicho hasa kilichogongwa, na kama mguso huo ungeweza kuepukwa.

Nakubaliana nao kuhusu vikumbo, ila si kuhusu adhabu. Mishahara ya NHL hulipwa kwa msimu wa kawaida, hivyo kumfungia mtu mechi za maandalizi ni kumpa likizo. Tazama mlolongo wa Tom Wilson wa Washington. Septemba 2017 alimgonga Robert Thomas wa St. Louis, akafungiwa mechi 2 za maandalizi. Aliporudi, akamsukuma Samuel Blais ukutani, akapewa mechi 4 za msimu. Tarehe 30 Septemba 2018, tena dhidi ya St. Louis (wenzetu hawa wana mkosi gani?), akampiga Oskar Sundqvist kichwani. Safari hii zilikuwa mechi 20, na mshahara wa zaidi ya dola milioni 1.2 uliokatwa. Msuluhishi huru akazipunguza hadi 14, wakati tayari alikuwa amekosa 16. Unaweza kubishana na hesabu ya 20, lakini zile 2 za mwanzo hazikumfunza chochote. Kila adhabu ya Septemba ingehamishiwa kwenye mechi za Oktoba, basi hata mechi moja ingeuma.

Kuanzia 2026–27 mechi za maandalizi hazitazidi 4 kwa timu, na za msimu zitakuwa 84. Kwa nyota ni nafuu ya wazi. Kwa kijana aliyekuwa akipata mechi tatu za kujionyesha na sasa atapata moja, au nusu yake, sioni kwa nini apunguze mwendo anapoikaribia nambari iliyo mgongoni mwa mkongwe.