Ondoeni umri kwenye vitabu vya watoto

Karibu kila orodha ya vitabu vya watoto ninayoonyeshwa hapa Lubumbashi, Kongo-Kinshasa, imepangwa kwa umri: hivi vya miaka 4 hadi 6, vile vya 7 hadi 9, na kadhalika. Wazazi wanazipenda. Mimi naona zinafukuza watoto, tena wale hasa ambao maktaba ingepaswa kuwashika.

Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo, shule zimepokea watoto wengi waliokuwa nyumbani. Ukiingia darasa la tatu huko Katuba au Kenya (komini, yaani tarafa, za hapa mjini), usishangae kumkuta msichana wa miaka 12. Sokoni anarudisha chenji haraka kuliko mimi na wewe, ila kusoma bado anaunga silabi. Sasa mpeleke mbele ya rafu iliyoandikwa “miaka 6–8”, wadogo zake wakimwangalia. Hatarudi tena. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo, kati ya watoto 100 wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi. Kwa hesabu hiyo, orodha zetu zimeandikiwa wale watatu waliobaki.

Bandueni hizo karatasi za umri. Pangeni vitabu kwa mambo yaliyomo: wanyama, mpira, safari, vichekesho, mazimwi. Mtoto achague mwenyewe, kisha mwenye maktaba amwombe asome ukurasa mmoja. Akikwama kila mstari, asinyang'anywe kile kigumu. Aongezewe chepesi, aende na vyote viwili. Kigumu ataangalia picha, na hilo nalo ni jambo.

Halafu kuna lugha. Watoto wetu wamekulia kwenye michezo ya kuigiza ya Kiswahili, wanacheka na watu wazima bila kutafsiriwa chochote, lakini wakipewa kitabu ni Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataja lugha za taifa zitumike katika kufundishia. Rafu nilizoziona mimi hazijapata habari hiyo. Zimejaa msaada kutoka Ulaya: theluji, mti wa Krismasi, babu anayeishi na mbwa wake tu (watoto huuliza wajukuu wako wapi). Sikatai Kifaransa, mtihani wa serikali utakidai. Nasema kisiwe mlango pekee wa kuingilia.

Na visingizio vya bei vimepungua. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unaweka hadithi za watoto kwenye intaneti kwa leseni huria, na za Kiswahili zimo nyingi. Unapakua umeme ukiwepo, unachapisha kwenye kibanda cha fotokopi, unakunja, unabana kwa stepla. Ni Kiswahili cha Nairobi na Dar es Salaam zaidi, sawa. Anayesoma kwa sauti alainishe njiani, hakuna dhambi.

Mashindano ya nani kasoma vitabu vingi, mshindi apewe begi? Siyapendi. Watoto si wajinga, watachagua vyembamba.

Kupendekeza vitabu, waachieni wao. Jumamosi moja mtoto asimame mbele ya wenzake, asimulie kitabu alichosoma mpaka pale zimwi linapogonga mlango, kisha anyamaze na akae. Watagombana nani atangulie kukichukua. Orodha gani ya ukutani imewahi kuleta ugomvi wa namna hiyo?

Najua jibu la wenye maktaba: vitabu vitapotea, vitachanika. Ndiyo, vingine vitapotea. Ndiyo maana baadhi ya sehemu zinadai dhamana ya dola kabla mtoto hajatoka na kitabu. Mama anayeuza makala (mkaa) kando ya barabara atatoa dola kwa ajili ya hadithi ya sungura, jioni apikie nini bukari (ugali)? Vya jalada gumu visomewe ndani, sina neno. Vya stepla viende nyumbani bila dhamana, na kikipotea kimoja, chapisheni kingine. Julai na Agosti shule zimefungwa na mvua hakuna. Anzeni hapo, na hivyo vichache mlivyo navyo.