Matajiri Wakigombana, Betri ya Katuba Ndiyo Inakufa

Kijana, shika tochi vizuri, usinimulike machoni. Kabla hatujaunga hata waya mmoja wa betri niache niseme, maana jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tomsoni. Watu wa NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani, wameanza tena kuhesabu miaka. Mkataba wa ligi na wachezaji, ule wa 2023, unafika mwisho wa msimu wa 2029-30, lakini wameuachia mlango wa nyuma: upande wowote ukichoka unaweza kutoka mwaka mmoja kabla. Na nyumba yenye mlango wa nyuma unaijua mwenyewe, lazima kuna mtu atapita huko usiku.

Hapo ndipo tutasikia tena lile neno lao: lokauti.

Usiniambie ni mgomo. Mgomo tunaujua hapa Katuba, komini yetu ya Lubumbashi. Mwalimu akigoma mwezi wa tisa, watoto wanabaki nyumbani na mama zao wanakosa pa kujificha. Madereva wa taksibasi wakigoma, unatoka Ruashi hadi mjini kwa miguu, viatu mkononi. Anayekataa kazi ni mfanyakazi, sivyo? Lokauti ni kinyume chake: anayegoma ni tajiri. Mwenye duka anafunga duka lake mwenyewe, anatia ufunguo mfukoni, anakaa kivulini, halafu anawaambia wafanyakazi, "Mnaniumiza." Mechi zote ambazo NBA imewahi kufuta kwa ugomvi wa mkataba zilifutwa kwa njia hiyo. Wachezaji walikaribia kugoma mwaka 1964, mjini Boston, usiku wa mechi ya nyota. Walijifungia kwenye chumba cha kuvalia wakasema hawatoki mpaka waahidiwe pensheni, na televisheni inangoja. Wakaahidiwa, wakatoka, wakacheza. Huo ndio mgomo wenye adabu, mtazamaji hata hajamaliza kunawa mikono baada ya bukari, ugali wetu.

Teremsha tochi. Unaona huu unga mweupe kwenye vichwa vya betri? Tutaurudia.

Wanagombania nini? Chungu kimoja. Tiketi, televisheni, jezi, matangazo, vyote vinamiminwa humo, halafu chungu kinakatwa matonge 100. Kabla ya 2011 wachezaji walikuwa wanachukua 57. Wenye timu wakaja na kilio: timu 22 kati ya 30 zinapata hasara, karibu dola milioni 300 kwa msimu mmoja. Wachezaji wakasema hesabu hizo zimepikwa na mpishi wa kulipwa. Mlango ukafungwa Julai mosi, ukafunguliwa Desemba 8. Siku 161! Mwisho wake wachezaji wakabaki na matonge kati ya 49 na 51. Tonge moja wakati ule lilikuwa takriban dola milioni 40 kwa mwaka. Tonge la namna hiyo ukilichovya kwenye mchuzi, mchuzi wenyewe unahama nchi.

Utasema sasa wameshiba, kwa sababu tangu msimu wa 2025-26 wana mkataba mpya wa televisheni, miaka 11, dola bilioni 76. Kijana, wewe hujaona urithi. Kwenye kilio cha maskini watu wanalia tu. Ugomvi unakuwa kwenye kilio cha mwenye nyumba tatu.

Na safari hii wana kitu kipya cha kutoleana macho, kile kizingiti cha pili cha matumizi. Timu ikilipa mishahara kupita hapo, inafungwa mikono: haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumbadilisha na mmoja mkubwa, inanyimwa nafasi za ziada za kusajili, na hata zamu yake ya kuchagua chipukizi miaka saba mbele inagandishwa. Boston walichukua ubingwa 2024. Kufika kiangazi cha 2025 Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis wameshauzwa, si kwa sababu wamezeeka, ila mhasibu amefungua daftari akakunja uso. Sisi huku tunajifunza kutamka jina la mtu msimu mzima, herufi zake zina mkia, tukilipatia tu, ameshahamishwa.

Shika huu waya. Mwekundu! Usiuguse mweusi kwanza.

Sasa nikufundishe. Ukitaka kujua kama lokauti ni ya kweli au ni makelele, achana na midomo, angalia tarehe. Julai mosi haiumizi mtu mfukoni, ni mwezi wa mapumziko. Kinachotokea ni vituko. Ukumbi wa mazoezi unafungwa. Daktari wa timu haruhusiwi kumpigia simu mchezaji aliyemfunga goti yeye mwenyewe. Mwaka 2011 hata picha za wachezaji ziliondolewa kwenye ukurasa wa ligi, ukifungua unaona nembo na kocha, kama arusi isiyo na bibi arusi. Mwenye timu akimtaja mchezaji, faini. Michael Jordan, ambaye wakati huo anamiliki timu ya Charlotte, alimtaja Andrew Bogut kwenye mahojiano, akatozwa dola 100,000. Micky Arison wa Miami aliandika maneno mtandaoni, akatozwa 500,000. Kwa kuandika! Huku kwetu watu wanaandika upuuzi tangu asubuhi na hakuna anayewatoza hata mega 10.

Oktoba mechi za majaribio zikifutwa, hapo tajiri ameanza kukosa tiketi, anajikuna kidogo. Lakini tarehe yenyewe ni Novemba 15, siku ya kwanza ya mshahara ambao hauji. Mchezaji mwenye dola milioni 20 anaweza kungoja. Yule wa mwisho wa benchi, mwenye nyumba ya mkopo, magari ya mkopo na binamu 14 wasio wa mkopo, ndiye anayeanza kupiga simu kwenye chama cha wachezaji. Matajiri wanaijua tarehe hiyo kuliko siku zao za kuzaliwa.

Na wachezaji nao usidhani ni malaika. Lokauti ya 1998, Dikembe Mutombo, Mkongomani mwenzetu, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wachezaji, na Patrick Ewing ndiye rais. Ewing akawaeleza watu kwamba ni kweli wanapata pesa nyingi, lakini pia wanatumia pesa nyingi. Neno hilo lipeleke soko la Kenya, Kenya ya hapa kwetu, komini, si nchi, mwambie mama muuza makala, yaani makaa, hivyo hivyo uone kama atakuongezea hata vipande viwili juu ya gunia. Desemba ile wakaandaa mechi Atlantic City, sehemu ya mapato iwasaidie wachezaji wenzao waliokaukiwa. Watu wakapiga kelele mpaka fedha ikaelekezwa kwa wahitaji wanaoeleweka. Makubaliano yalipatikana Januari 6, 1999, siku moja tu kabla ya wenye timu kupiga kura ya kufuta msimu wote.

Lakini anayeniuma mimi ni Bismack Biyombo. Mtoto wa hapa hapa Lubumbashi. Juni 23, 2011 NBA inachagua chipukizi, jina lake linasomwa, wa saba, ana miaka 18, mji mzima unajua. Wiki moja baadaye, mlango pwaa! Mchezaji mpya akikutwa na lokauti hawezi kusaini, hana mshahara, hana ukumbi, na kocha haruhusiwi hata kumuuliza kama amekula. Ni kama kulipiwa mahari, ukafika na sanduku kichwani, ukoo wa bwana umefunga lango. Zaidi ya miezi mitano. Na lango lilipofunguka akaingia wapi? Charlotte, timu iliyocheza mechi 66 ikashinda 7. Saba, kijana. Hakuna timu iliyowahi kumaliza msimu wa NBA na wastani mbaya kuliko huo. Mtu amengoja mlangoni tangu kiangazi mpaka mvua, kumbe ndani hakujapikwa.

Wajanja walitoroka. Deron Williams alikwenda Uturuki na kifungu mkobani: NBA ikifunguka, narudi. J.R. Smith, Wilson Chandler na Kenyon Martin walikwenda Uchina, na Wachina hawakutaka kusikia habari ya kifungu. Desemba ligi ikafunguka, wenzao wanacheza, wao wanaangalia kwenye televisheni kama sisi. Angalau wao umeme ulikuwepo.

Halafu wakipatana wanakuletea msimu wa kubana. Mwaka 1999 timu ilicheza mechi 50 ndani ya siku 90. 2011-12 mechi 66, na kila timu ilipangiwa angalau mara moja kucheza usiku tatu mfululizo. Goti la binadamu halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kocha anafanya nini? Anampumzisha nyota. Na wewe umeamka saa nane usiku, umeweka betri, umewaita watu, mtu amevaa suti benchini anatafuna ubani. Mchezaji wa dola milioni 5 alipoteza mechi 16 kati ya 82, yaani kama dola 975,000, na gazeti zima likamlilia. Mtazamaji aliyeamka bure hana hata mstari mmoja.

Unasemaje? Sisi tunapoteza nini? Ndiyo maana nimekuambia ushike tochi.

Hii ni betri ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha, wati-saa 1,200. Usiitumie kupita nusu, ukitaka ikae. Zimebaki 600. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa runinga, nayo inakula ya kwake, ibakie kama 500. Runinga ya inchi 32 wati 50, dekoda 20. Jumla 70. Gawanya: saa saba. Mechi moja ni saa mbili na nusu, basi unapata mechi ya saa nane usiku na ile ya pwani ya magharibi ya saa kumi na moja alfajiri, na simu za watu watatu zinachajiwa. Hiyo ni karatasini. Ukinunua betri ya lori iliyochoka, sahani zake za ndani ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini sekunde tano na si kulisha runinga usiku kucha, kipindi cha nne dakika mbili zimebaki inveta inalia piiii, volti 10 na nusu, giza. Umati unakugeukia wewe, kana kwamba wewe ndiye uliyekosa mpira wa adhabu.

Msimu ukiwepo, betri hii inafanya kazi na kupumzika, inashuka na kupanda, iko hai. Sasa leta lokauti. Mwezi wa kumi hakuna mechi. Mwezi wa kumi na moja hakuna. Nani ataichaji? Kuchaji betri iliyoisha kwa ampea 10 kunataka saa 12, umeme ukija saa tatu kwa siku hizo ni siku nne. Hakuna anayehangaika siku nne kwa ajili ya ligi iliyofungwa. Inakaa kwenye kona chini ya gunia la unga, nusu tupu, inajimaliza yenyewe polepole, na ule weupe unaganda ndani kwenye sahani mpaka chaji haiingii tena. Desemba 25 ligi inafunguliwa kwa shangwe, saa moja jioni za hapa, saa nzuri isiyo ya wezi wala mbu, kila mtu amevaa, betri imekufa. Tajiri amepata matonge yake, mchezaji amepata yake, nami nauliza bei ya betri. Methali ya tembo na nyasi tunaijua, lakini nyasi hazinunui maji ya betri.

Kwa hiyo wakifunga, wewe chaji kila mwezi ijae, mechi iwepo isiwepo. Maji yapite sahani kwa sentimita moja, na yawe ya chupa ya betri. Ya bomba yana madini, yanaiua taratibu. Huu unga wa nje usiuguse kwa kidole, una asidi. Maji ya moto, kijiko cha magadi, mswaki wa zamani, kausha, paka vazelini. Mswaki wa zamani, nimesema.

Simu? Ukitazama kwa simu, mechi moja inakula giga moja na nusu hadi mbili. Na malipo ya mwezi ya dekoda hayajui lokauti, utalipa yale yale, wakuoneshe fainali ambazo mshindi wake unamjua kuliko jina la shemeji yako.

Ndiyo, kuna basketi yetu. Espoir Fukash ya hapa Lubumbashi ilifika ligi ya Afrika 2022, ikaenda mpaka Cairo. Twende tukawatazame, mimi sikatai. Mechi ni mchana, betri haihitajiki. Lakini ni mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi unalijua, na kwenye vibao vya saruji hapo uwanjani yai linaiva.

Haya, saa ngapi? Saa nane kasoro dakika kumi. Mwekundu kwenye chanya. Kaza. Kaza zaidi, ukilegea utapasha moto. Sasa mweusi... Kijana. Huo uliokaza kwanza, umeuangalia rangi au umeuangalia kwa imani?