Kigoma inahitaji mtu wa kuisengenya kwa mapenzi

Huku California ninakoishi, jirani anaweza kukaa ukuta mmoja na wewe mwaka mzima asijue jina lako. Salamu ni mkono juu, kila mtu na gari lake. Ndiyo maana habari za Herb Caen, mwandishi wa safu wa San Francisco, zilinishangaza. Alianza safu yake kwenye gazeti la San Francisco Chronicle mwaka 1938 na, ukiacha miaka ya vita na ile kadhaa aliyohamia gazeti pinzani, akaendelea nayo karibu mpaka kifo chake mwaka 1997. Aliandika nini? Nani kaonekana mgahawa gani, ukungu, mzaha wa baa, duka la zamani linalofungwa. Vipande vifupi, katikati nukta tatu. Udaku mwingi tu, tusidanganyane. Lakini wasomaji wengi wakifungua gazeti walianzia hapo, na mwaka 1996 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Mji wa watu wasiojuana ulipata wa kuwapa habari za jirani.

Kwetu Kigoma ni kinyume. Mtaani hupiti bila kuulizwa mama anaendeleaje. Ila fungua gazeti: Kigoma ni wakimbizi, ajali, ziara ya kiongozi. Mwandishi akijitahidi sana, basi ni Livingstone na Stanley chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871, kana kwamba tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kukutana na mwenzake pale.

Najua wazee watasema: tuna baraza, tuna kahawa, safu ya nini? Hapo sikubaliani nao. Baraza halitufikii sisi tulio mbali, na siku hizi hata wa Mwandiga hana habari na ya Kibirizi, kule mwaloni. Nataka mtu aandike kwamba mbalamwezi imekolea, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi imelala, bei imepanda, na akina mama wa Kibirizi wamekaa mbele ya chanja tupu za kuanikia dagaa wanasukana nywele na kuwachambua wavuvi mmoja mmoja. Aandike nani kampa malazi msafiri ambaye treni ilimfikisha usiku wa manane. Na akishatuchekesha, aulize mtaro unaofurika sokoni kila mvua zikianza utazibuliwa lini. Mwenyekiti atasoma tu, maana ukurasa huo atakuwa ameufungua kutafuta jina lake.