Mfuko Haukuvuja

Tuwekane sawa mapema: mfuko wangu wa pikipiki, ule wa njano usiopitisha maji, haukuvuja. Tangu jana simu yangu haitulii. Jamaa yangu mmoja, simtaji ila siku ya posa kule Kongwa alikaa karibu na mlango huku simu kaishikia mapajani, ameshaweka picha yangu kwenye status na kuandika "Mshenga na begi lake lisilopitisha maji". Asubuhi hii hapa Nkuhungu, Dodoma, mpaka mama wa genge kaniuliza, huku ananipimia nyanya, "Eti baba, begi lilivuja?" Halikuvuja! Mvua yote ile kutoka Ihumwa mpaka Kongwa, hakuna hata tone lililoingia ndani. Mnaocheka chekeni, ila hilo mlijue.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nilivyohangaika na mizigo ya pikipiki. Safari zangu ni fupi, Bahi, Kongwa, mara mojamoja Manyoni, nalala usiku mmoja narudi. Boxer haina pa kuweka kitu zaidi ya keria. Nilianza na shangazi kaja, likawa linameza upepo wa Dodoma, na siku zipu ilipoachia watu wa Bahi waliziona nguo zangu kabla hawajaniona mimi. Salfeti ni imara, tatizo ukifika ugenini na salfeti mwenyeji anaita watoto waje kupokea mahindi. Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ule ujanja wa kufunga shati ndani ya rambo mbili ukafa siku hiyo. Nikaja kwenye begi la mgongoni lenye kava la mvua. Kava lile linafaa ukiwa unatembea kwa miguu. Ukifika mwendo wa 80, upepo unaingia kwa chini, linavimba, linachomoka. La kwangu liliruka Januari mwaka jana, nadhani kuna mchunga mbuzi analivaa kofia.

Ndipo nikaagiza huu wa njano kutoka Kariakoo, ukaja na basi. Lita 30, turubai la PVC, mdomo wa kukunja. Bei sitaji, mama watoto anasoma hapa.

Na siwezi kuusimulia huu mkasa bila kuusifia, mtanisamehe. Kwanza hauna mshono wa uzi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo maana begi la kitambaa kizito bado linalowa kwenye pembe. Huu vipande vyake vimeunganishwa kwa joto. Pili hauna zipu. Unatoa hewa, unakunja mdomo mara 3 au 4, unabana klipu. Umeandikwa IP67, alama ya kuzuia vumbi na maji: hiyo 6 maana yake vumbi halipiti, na 7 maana yake unaweza kuuzamisha mita moja kwa nusu saa. Nilichukua lita 30 kwa makusudi. Mfuko mkubwa kwenye pikipiki ndogo unaning'inia nyuma ya tairi, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unaanza kukutania. Nikaufunga kwa mikanda, siyo ile mipira ya kulabu, maana kulabu ikichomoka inalenga jicho. Ncha za mikanda nikazichomeka zisije zikaingia kwenye cheni. Na nikauweka mbali na ekzosi, turubai la PVC halina urafiki na moto.

Halafu nikaujaribu. Nikaujaza maji, nikautundika kwenye mwembe usiku kucha. Asubuhi chini pakavu. Nikamwita jirani aje ashuhudie: kinachoingia humu hakitoki! Jirani akasema hongera.

Lile neno mlikumbuke.

Sasa Jumamosi. Mimi nilikuwa mshenga wa mdogo wetu mmoja anayeoa Kongwa. Wazee walikwenda na Noah, mimi na pikipiki kwa sababu Noah ilijaa, na kwa sababu nilitaka mvua inikute, nisiwe mnafiki. Barua ya posa na kishika uchumba nilikabidhiwa mimi. Nikaweka kwenye mfuko. Kaunda suti yangu na viatu, kwenye mfuko. Njiani nilivaa bukta ya mpira na singlendi, juu koti la mvua, miguuni gambuti. Mpango ulikuwa nifike, niombe chumba, nibadili, nitokee mtu mzima.

Wakati tunaondoka, mama yake bwana harusi mtarajiwa akaleta dumu la lita 5 la mafuta ya alizeti, ya shamba lao Singida, yamekamuliwa wiki hiyo hiyo. Zawadi ya wakwe. Dereva wa Noah akakitazama kile kifuniko, akasema, "Mama, hili litaniharibia viti." Kimya. Mama wa watu ameshika dumu, uso umeshuka. Nikasikia mtu anasema, "Lete hapa mama, huu mfuko wangu haupitishi kitu." Mtu huyo alikuwa mimi.

Mfuko wa pikipiki unalala, kwa hiyo dumu nalo likalala. Na hewa lazima itoke, maelekezo yanasema hivyo, nikaukalia. Nikakunja, nikabana, nikaukaza kwa mikanda mpaka ukapiga kelele.

Mvua ilinikuta nikiikaribia Buigiri. Siyo manyunyu, ile ya Januari yenyewe, matone makubwa na upepo wa ubavuni. Bodaboda wenzangu wamejibanza chini ya mbuyu, napita nawapigia honi. Kila tuta la barabarani nilikuwa naupapasa mfuko kwa mkono wa kushoto: upo, umetulia, mzito vizuri. Nikakata kona Mbande naimba.

Kongwa wenzangu walikuwa wameshakaa muda mrefu, soda zimepoa mpaka zimepata joto tena. Naingia na mfuko begani, mama mwenye nyumba akanipokea kwa bashasha: "Karibu mwanangu, pole na mvua, vua koti, umefika nyumbani."

Sikuweza kuvua koti. Chini ya koti kulikuwa na bukta yenye namba 10 mguuni na vinyweleo vya kifuani, mbele ya wakwe. Nikamnong'oneza kijana mmoja anioneshe chumba. Kabla hajajibu, baba wa binti, mzee mpole mwenye sauti ya kushuka taratibu, akasema, "Mshenga amefika, basi tusipoteze muda. Atupatie tulichoitiwa."

Kwa hiyo jamani, picha mliyoiona ya mtu amesimama sebuleni na koti la mvua la kijani, anachuruzika, hiyo ndiyo sababu. Siyo kwamba sina adabu.

Nikauweka mfuko juu ya meza ndogo, katikati ya zulia. Nikawasalimia, "Mbukwenyi wazee wangu," wakafurahi. Ningeishia hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa unang'aa, nami nina maradhi yangu. Nikasema, na yule jamaa anayo yote kwenye simu, nikasema: "Wazee wangu, mbingu imefunguka njia nzima. Lakini heshima yenu imefika ikiwa kavu."

Klipu ya kwanza, ta. Klipu ya pili, ta.

Mkunjo wa kwanza nikaufungua taratibu, waone kazi. Mkunjo wa pili, nikahisi mfuko una kitu kinachotembea tumboni. Nikasema moyoni, viatu hivyo. Mkunjo wa tatu, ikaja harufu. Nzuri sana. Harufu ya jikoni Jumapili asubuhi. Baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa chakula, akainua kichwa.

Nilijua kabla sijaona. Na hapo mkono ulishaachia.

Mdomo wa mfuko ukalegea, ukainama upande wa mzee. Yangekuwa maji yangemwagika mara moja, tukapiga kelele, tukafuta, yakaisha. Mafuta hayana haraka. Yalichungulia kwanza. Yakashika ukingo wa turubai, yakakaa pale kana kwamba yanasubiri kukaribishwa, kisha yakashuka kwenye meza. Yakazunguka chupa ya soda. Yakazunguka ya pili. Yakafika pembeni, yakadondokea zulia, yakaanza safari ya kuelekea kwenye makubazi ya mzee. Kila mtu aliyaona. Hakuna aliyesema. Yakafika. Mzee hakuondoa mguu! Alikuwa ananitazama usoni, kwa upole ule ule, mafuta yanampita vidoleni. Hadi sasa naomba angalau angeondoa mguu.

Mtu mwenye akili angeubana mdomo wa mfuko. Mimi nikafikiria barua. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Likatoka shati la kaunda, mikono imenyooka, linachuruzika. Nikalirudisha. Kikatoka kiatu, kimejaa. Nikakirudisha kwa uangalifu nisimwage, sijui nilikuwa nakitunzia nini. Mara ya tatu nikaipata bahasha.

Mliosoma sayansi mnalikumbuka lile jaribio la kutambua mafuta kwenye chakula: unasugua karanga kwenye karatasi, pale penye doa mwanga unapita. Sasa doa lilikuwa bahasha nzima.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza kutafuta pa kufungulia, akasita, akainyanyua kuelekea dirishani. Akaanza kusoma. Bila kufungua. Alianza na tarehe, akasoma anwani, akasoma "Yah:", akasoma barua yote mpaka sahihi, kwa sauti, barua iko ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi na muhuri wa kopa mbili. Alipomaliza akasema, "Mwandiko mzuri."

Nikadhani tumepona.

Kumbe nyuma ya barua kuna hela. Na yule bwana harusi wetu, ambaye hakuwepo na ndiyo maana bado yuko hai, alikuwa amepanga noti nyekundu za elfu kumi huku na huku, katikati akajaza buluu ili bahasha inenepe. Noti zilizolowa mafuta hazishikani. Barabara nzima zilikuwa zinateleza mle ndani, zimejitandaza moja baada ya nyingine hadi pembeni. Mzee akaweka kidole juu ya bahasha. "Elfu kumi," akasema. "Elfu moja. Elfu moja. Elfu moja." Ilipofika ya nne, baba mdogo akapaliwa na soda. Mzee akamsubiri amalize kukohoa, akaendelea. Alihesabu zote jamani. Hakuruka hata moja.

Na kwenye kona bibi mzaa baba, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akainuka na fimbo yake, akaja mezani, akachovya vidole viwili, akanusa, akajipaka miguuni. Akarudi kukaa. "Mazuri haya," akasema. Hapo ndipo nyumba ilipopasuka kwa kicheko, na yule jamaa wa mlangoni akapata video yake.

Mengine yalikwenda haraka. Nimepigwa faini ya mbuzi, zulia juu yangu. Barua imeandikwa upya kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa darasa la tatu, bwana harusi ametuma tofauti kwa simu huku anaapa kwamba ni makosa ya wakala. Posa imepokelewa. Koti nilivua mwishowe, na mama akanipa kanga nijifunge. Ile ya kwenye picha, ndiyo. "Mgeni njoo mwenyeji apone." Niliyakuta maandishi hayo kwenye status, pale kwao sikuwa nasoma chochote.

Mafuta wakayamimina kutoka kwenye mfuko mpaka kwenye dumu safi, wakayachuja kwa kitambaa. Yalipungua kidogo tu, yale ya zulia na ya bibi. Wakati nakaza mikanda nirudi, mzee akanifuata mpaka kwenye pikipiki. Akauminya mfuko, akaupapasa viungo, akaukunja mdomo mwenyewe mara tatu, akauliza nilinunua wapi. Anataka mmoja wa kuchukulia maji ya mbuzi shambani. Mbuzi wenyewe ni pamoja na huyo wangu wa faini.

Kwa hiyo mwenye duka Kariakoo anisaidie: lita 30, ule ule, ila rangi nyingine yoyote. Mzee kasema wa njano hapana.