Pilau ya Shangazi na Mpira Uliovuka Uzio

Nyuma ya uzio wa uwanja wa Dudy Noble, katika mji wa Starkville, jimbo la Mississippi, kuna mahali panapoitwa Left Field Lounge, na yeyote anayedhani kwamba besiboli ni mchezo wa kutazamwa kwa utulivu hajapata kufika hapo. Desturi ya mahali hapo ilianza miaka ya 1960, mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi State walipokuwa wakiegesha malori yao nyuma ya uzio na kuchoma nyama huku mchezo ukiendelea. Baadaye walitengeneza majukwaa yao wenyewe juu ya magari na matela, kila ukoo na ufundi wake, na uwanja ulipofanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2019 makweche hayo yaliondolewa, yakajengwa majukwaa rasmi, lakini moshi wa majiko haukuhama. Ni hapo ndipo mpira ulipoingia katika sufuria ya pilau ya Shangazi, na kwa kuwa habari hii imekuwa ikisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwapo, naona vema niiandike mimi niliyekuwa nimeshika mfuniko.

Shangazi ni mzaliwa wa Tanga, na sisi wanafunzi tuliotoka Afrika Mashariki tulimwita hivyo bila kuulizana undugu, kwa sababu nyumbani kwake chai haikukosekana. Jirani yake, mzee mstaafu ambaye familia yake ilikuwa na nafasi Left Field Lounge tangu enzi za malori, alikuwa akimwalika mchezoni kila mwaka, naye Shangazi alikuwa akikataa kwa sababu ileile: kila jiko la pale lilikuwa na nguruwe. Mwezi Machi 2022 yule mzee alibisha hodi akiwa na jiko jipya la makaa, bado limebandikwa karatasi ya dukani, akaapa kwamba halijaguswa na kitu chochote na kwamba ataliweka mbali na mbavu zilizokuwa zikichomwa na ndugu zake. Kwa kuwa mbavu hizo zilikuwa zimetapakaa kila upande, mahali pekee palipobaki salama kwa dini palikuwa mbele kabisa, kando ya uzio. Hivyo ndivyo uchamungu, ujirani mwema na ufinyu wa nafasi vilivyoshirikiana kuiweka sufuria ile mahali ambapo mipira huangukia.

Mzee alikuwa mkarimu, ila ukarimu wake ulikuja pamoja na historia. Vitunguu vilikuwa bado vyeupe aliposema kwamba timu ilianza kucheza mwaka 1885. Vilipogeuka rangi ya kahawia alikuwa amefika mwaka 1976, kocha Ron Polk alipoichukua timu na kuufanya mji mzima uiamini besiboli. Nyama ilipowekwa tulikuwa mwaka 1985, tukiwa na Will Clark na Rafael Palmeiro, vijana wawili waliopewa jina la Ngurumo na Umeme, ambao waliifikisha timu Omaha, katika jimbo la Nebraska, zinakomalizikia fainali za vyuo kila mwezi Juni. Mchele ulipotiwa tulipita haraka mwaka 2013, mwaka wa kufungwa na chuo cha UCLA cha California katika fainali, kwa sababu mzee hakupenda kukaa hapo. Alipofika tarehe 30 Juni 2021, siku timu ilipoichapa timu ya chuo cha Vanderbilt 9 kwa 0 na kuleta ubingwa wa kitaifa wa kwanza kabisa wa mchezo wowote wa timu katika maisha ya chuo kile, alitoa kitambaa na kujifuta macho, akasingizia moshi. Shangazi alimhurumia, akampa kipande cha mdalasini anuse.

Kosa la wenyeji wetu, kama ni kosa, ni kwamba hakuna aliyetuambia tutazame uwanjani. Kwa pilau iliyopaliwa makaa juu na chini, macho ya mtu yako kwenye sufuria, na migongo yetu ilikuwa imeelekezwa kwa wachezaji.

"Mwanangu, hebu funua tuone kama maji yamekauka," alisema Shangazi.

"Naam, Shangazi."

Nilipangua makaa kwa koleo, nikafunua. Mvuke uliponipiga usoni, nilisikia nyuma yangu ule mlio mkali wa rungu la chuma, maana vyuo havitumii marungu ya mbao kama ligi ya kulipwa, na hapo hapo watu wote waliokuwa pale walisimama na kupiga mayowe wakitunyooshea mikono. Sisi tulidhani wanasifia harufu. Shangazi hata aliinamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

Mpira haukuanguka pembeni wala haukugonga ukingo. Uliingia katikati kabisa, pale penye nyama nyingi, ukazama wote, na pilau ikalipuka. Nilipofumbua macho nilikuwa na iliki kwenye nyusi. Mtandio wa Shangazi ulikuwa na mchele kuanzia utosini hadi begani. Na kiazi kimoja kilikuwa kimeruka hadi kwenye mbavu za nguruwe za jirani, nacho tukakihesabu kuwa kimetangulia mbele ya haki.

"Inna lillahi!" alisema Shangazi.

Tatizo ni kwamba lile lilikuwa pigo la timu ya nyumbani, na mpira unaopigwa ukavuka uzio huipa timu pointi. Maelfu ya watu walikuwa wakikumbatiana kwa furaha kuzunguka msiba wetu. Mzee alikuja mbio akiwa amefungua mikono ili amkumbatie Shangazi, akakumbuka adabu akiwa njiani, akanikumbatia mimi na mfuniko wangu ambao bado ulikuwa wa moto, na kelele alizozipiga zilichukuliwa na wote kuwa za ushabiki.

Shangazi aliuopoa mpira kwa upawa. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi na mishono miwili miwili 108 ya uzi mwekundu, na katika kila mshono palikuwa na bizari. Mara akatokea mtoto wa kama miaka saba, amevaa glavu kubwa kuliko kichwa chake, akasimama kimya na kuukodolea macho. Mzee alieleza kwamba ni uungwana kumpa mtoto mpira uliovuka uzio.

"Mwambie," Shangazi aliniagiza nitafsiri, "mpira huu umeingia jikoni kwangu bila hodi. Hautoki mpaka aliyeupiga aje aniombe radhi."

Nilitafsiri kwa upole kidogo kuliko nilivyoagizwa. Mwishowe huruma ilimshinda, akaukosha mpira kwa ndimu na chumvi kama samaki, akamkabidhi mtoto, ambaye aliondoka akiunusa.

Mimi niliamini kwamba pilau ile ilikuwa imekwisha kuharibika, kwa kuwa mpira ulikuwa umetoka mikononi mwa mrushaji aliyekuwa akiusugua tangu asubuhi. Mashabiki waliona vingine kabisa. Mzee alijipakulia sahani bila kumuuliza mtu, nyuma yake ukajipanga mstari, na ilipofika nusu ya awamu ya saba, wakati uwanja mzima husimama kujinyoosha, sufuria ilikuwa imebaki na ukoko. Siku ile tulishinda. Ndipo mzee aliposema, kwa sauti ya mtu anayetangaza hukumu, kwamba pilau ndiyo iliyoleta ushindi.

Hapo inafaa msomaji aelewe ratiba ya besiboli ya vyuo, maana sisi hatukuielewa mpaka ilipotukamata. Msimu huanza katikati ya Februari na huwa na michezo 56 kabla ya mashindano ya mtoano. Timu haikutani na mpinzani mara moja ikaachana naye: kwa kawaida hucheza naye Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne, huchomekwa mchezo mwingine dhidi ya chuo cha karibu. Mzee alileta kadi ndogo ya ratiba, ile inayoingia mfukoni, akiwa amezungushia wino kila mchezo wa nyumbani. Shangazi aliitazama kadi, akanitazama mimi.

"Wana watoto wangapi wa kuoza hawa?" aliuliza.

Alipika mara chache, kwa kuwa hajui kumkatalia jirani. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama, mwanzoni mwa Aprili, naye akakataa katakata kusimama juani akionja chumvi ya watu wengine akiwa amefunga. Timu ilikuwa tayari ikisuasua, lakini pale majukwaani waliikubali sababu moja tu ya kushindwa. Mzee alikuja kuniuliza faraghani kama kuna utaratibu wowote wa mwezi wa Idi kuonekana mapema. Nilimwambia hakuna. Alichukua ile kadi na kuandika "Idi" kwa penseli mwanzoni mwa Mei, kisha akapiga mstari chini yake.

Mfululizo wa mwisho wa nyumbani ulianza Alhamisi tarehe 19 Mei, dhidi ya Tennessee, timu iliyokuwa ikiogopwa na nchi nzima mwaka ule. Kila kitu kilirudiwa kwa uangalifu: jiko lilelile, sufuria ileile, mahali palepale, na mimi na mfuniko wangu. Watu walikuwa wakija kuuliza kama vitunguu vimekolea. Wageni walianza kupata mikimbio, yaani pointi, tukiwa bado tunakaanga, na mzee, ambaye kwa kawaida angekuwa amefika Ngurumo na Umeme, hakuthubutu hata kuanza 1885. Shangazi aliuliza hali ikoje. Nilimwambia ni 27 kwa 2.

"Ishirini na saba? Si ulisema huu si mpira wa kikapu?"

Hakuna aliyejipanga mstari. Tuliirudisha pilau nyumbani ikiwa nzima, tukaila siku mbili. Mabingwa watetezi walimaliza msimu wakiwa wameshinda michezo 26 na kushindwa 30, wala hawakupata nafasi ya kwenda Hoover, Alabama, kwenye mashindano ya kanda yao.

Kilichomuumiza mzee zaidi kilitokea Juni. Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, mahasimu wakubwa kutoka Oxford, mji ulio katika jimbo lilelile, walikuwa wameponea chupuchupu kuingia katika timu 64 za mtoano, kisha wakaenda Omaha, wakaifunga Oklahoma na kubeba ubingwa. Kwa siku kadhaa hatukumwona nje. Jumapili moja alikuja mlangoni kwa Shangazi, akavua kofia, akakubali chai, akazungumzia mvua na bei ya mbolea, na baada ya kikombe cha pili akaniomba nimtafsirie swali moja: je, Shangazi ana dada yake yeyote anayeishi Oxford?